Theluji ya machipuko: Mteremko uleule, barafu asubuhi, uji mchana

Mtu wa Ziba, wilayani Igunga, hahitaji kuambiwa barabara ya mbuga inavyobadilika. Greda likipita leo, njia inanyooka, bodaboda wanatabasamu. Mvua ikinyesha usiku, lori moja likipita asubuhi, zinabaki alama za matairi. Jua likitoka siku mbili, zile alama zinakauka na kuwa ngumu kama tofali. Ukiingiza tairi ya pikipiki humo, hutoki unapotaka wewe.

Sasa hamisha picha hiyo hadi kwenye milima ya Austria, Canada au Marekani. Badala ya udongo weka theluji. Badala ya wiki nzima ya kuharibika na kukauka, yote yanatokea ndani ya saa 24, kila siku, kuanzia Machi hadi mwisho wa msimu wao wa kuteleza. Na anayepita hayuko kwenye pikipiki. Amefunga mbao mbili nyembamba miguuni, anashuka mlima.

Video za watu wakiteleza zinaonekana rahisi kwenye simu. Vijana kibao wa Afrika Mashariki wanaosoma au kufanya kazi nchi za baridi hualikwa mlimani na marafiki mara tu hali ya hewa inapoanza kuwa nzuri. Jua linawaka, watu wako na fulana, theluji inang'aa. Ni hapohapo mtu anapandishwa lifti hadi juu ya mteremko ambao si wa saizi yake.

Rangi inasema nini, na haisemi nini

Njia za kuteleza hupewa rangi. Ulaya, bluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ya wataalamu. Ufaransa na baadhi ya nchi huongeza kijani kwa wanaoanza kabisa. Kwa viwango vya Austria na Ujerumani, njia ya bluu haizidi mwinamo wa asilimia 25, nyekundu haizidi asilimia 40, na ikipita hapo ni nyeusi. Asilimia 40 maana yake kila ukienda mbele mita 10 unashuka mita 4. Kwenye karatasi inaonekana kidogo. Ukisimama juu yake na kuangalia chini, si mchezo.

Marekani na Canada hutumia alama: duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi, na almasi mbili nyeusi kwa wale waliokubuhu. Almasi hii haina uhusiano na ya Mwadui, ukiiona usiifuate.

Tatizo ni kwamba hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima. Njia nyeusi ya mlima mmoja inaweza kuwa sawa na nyekundu ya mlima wa jirani. Na kubwa zaidi, rangi inapima umbo la mlima, haipimi hali ya theluji ya siku hiyo. Bango linabaki jeusi lilelile asubuhi na jioni, wakati chini yake uso umebadilika mara tatu.

Greda la theluji

Njia nyingi za kuteleza huchongwa, kama barabara. Mashine yenyewe ni kama tingatinga lenye minyororo mipana sana ili lisizame, uzito wake unazidi tani 10. Mbele lina blade ya kusukuma theluji, nyuma lina roli lenye meno linalozunguka kwa kasi na kusaga mabonge, kisha bamba la kusawazisha linaloacha mistari midogo midogo iliyonyooka, kama shamba la matuta lililopigwa picha kutoka angani. Kampuni zinazojulikana zaidi ni Kässbohrer ya Ujerumani, inayotengeneza PistenBully tangu 1969, na Prinoth ya Italia.

Kazi hufanyika usiku. Sababu ya kwanza ni usalama, maana wateja wameshaondoka. Ya pili ni ya kisayansi. Theluji ikisagwa na kushindiliwa, punje zake huanza kushikana zenyewe na kuwa kitu kimoja kigumu, lakini zinahitaji saa kadhaa. Ni kama zege: ukilikanyaga mapema, umeliharibu.

Kwenye miteremko mikali mashine haiwezi kupanda kwa minyororo yake tu. Hufungwa kamba ya chuma kwenye nanga iliyo juu, na winchi yake huivuta kupanda na kuizuia wakati wa kushuka. Kamba hiyo inaweza kufika urefu wa kilomita 1. Ikiwa imelegea, inalala kwenye theluji na haionekani. Ikikaza, inaruka ghafla hewani na kuyumba upande hadi upande. Watu wamekufa kwa kuigonga usiku, wengi wakiwa wametoka kula na kunywa mlimani na wanashuka baada ya njia kufungwa. Kibao cha kufunga njia hakiwekwi kwa ajili ya kukusanya faini.

Si kila njia nyeusi huchongwa. Amerika Kaskazini hasa, nyingi huachwa makusudi. Watelezaji wanapogeuka sehemu zilezile siku nzima, wanachimba mifereji na kurundika theluji pembeni, hadi mteremko mzima unakuwa matuta yanayoweza kufika kiunoni. Wapo wanaoyapenda. Magoti yao ndiyo yanayojua gharama.

Lakini kuna jambo ambalo wageni hawalitarajii. Njia kali iliyochongwa vizuri inaweza kuwa hatari kuliko yenye matuta. Matuta yanakupunguza kasi. Uso uliosawazishwa na kuganda hauna kitu cha kukuzuia, ukianguka juu unaendelea kuteleza kwa mgongo hadi chini au hadi kwenye miti.

Siku moja ya machipuko, saa kwa saa

Machipuko ya kaskazini yanaangukia Machi na Aprili, wakati Tabora mvua zinaelekea ukingoni. Mchana nyuzi joto hupanda juu ya sifuri, theluji inayeyuka juu. Usiku inaganda tena. Mzunguko huo ukijirudia siku nyingi, vipande vidogo vyenye ncha vya theluji mpya hupotea na kugeuka punje kubwa za mviringo. Wamarekani huzilinganisha na punje za nafaka. Waaustria huiita firn. Mkononi inafanana na chumvi ya mawe zaidi kuliko unga.

Je, itaganda usiku au la? Hapa anga ndilo linaloamua kuliko kipimajoto. Usiku usio na mawingu, theluji hupoteza joto lake moja kwa moja kwenda angani na kuganda hata kama hewa iko juu kidogo ya sifuri. Yeyote aliyeamka alfajiri ya Juni Tabora, anga jeupe na baridi imeingia mifupani, anaijua hali hiyo. Mawingu yakitanda, joto linabaki, na asubuhi theluji inakuwa laini na yenye maji toka mwanzo. Wazoefu wakisikia usiku ulikuwa na mawingu au mvua, wengi wao hubadilisha mpango kabla ya kunywa chai.

Saa 2 au 3 asubuhi, lifti zinafunguliwa. Uso ni mgumu. Mahali greda lilipopita, ni mgumu lakini umenyooka, na mistari yake imeganda kama ubao wa kufulia. Skii zinapiga kelele. Ambapo halikupita, alama za jana za skii na mabuti zimeganda kama zile za matairi kwenye mbuga, na hapo ndipo vifundo vya miguu na magoti vinapoumia.

Saa 4 hadi 6 mchana, jua linalegeza sentimita chache za juu, chini kukiwa bado kugumu. Hiki ndicho kipindi kinachowafanya watu waamke mapema. Skii inashika bila kuzama, inageuka bila kulazimishwa. Mteremko mweusi ambao saa mbili zilizopita ulikuwa kioo, sasa unasamehe makosa. Kinaweza kudumu saa moja au mbili, kisha basi.

Baada ya hapo maji yanazidi. Theluji inakuwa uji. Skii zinazama, zinanata, zinasimama ghafla wakati mwili bado unaenda mbele. Watu wamechoka, wamepata chakula cha mchana, wanataka kushuka mara moja ya mwisho. Kugeuka kwenye uji mzito kunabana goti, na mishipa ya goti ni miongoni mwa majeraha makubwa ya mchezo huu.

Saa hizo hazifanani pande zote za mlima. Upande unaotazama mashariki unapata jua kwanza, unalegea kwanza na kuharibika kwanza. Kusini hufuata, kisha magharibi. Upande wa kaskazini, kwa nusu ya dunia iliyo juu ya ikweta, unaweza kubaki mgumu siku nzima. Kwa hiyo wazoefu hawabaki sehemu moja. Wanalifuata jua kuzunguka mlima, kama mchungaji anavyofuata kivuli.

Kwa dereva wa greda huu ni mtihani mwingine. Akichonga jioni theluji ikiwa na maji mengi mno, inaganda kama sakafu ya simenti. Akisubiri igande ndipo asage, anapata mabonge ya barafu badala ya unga. Muda wa katikati ni mfupi na hubadilika kila siku, na mlima una njia nyingi za kupita kabla ya asubuhi. Ndiyo maana maeneo mengi hutangaza kila asubuhi orodha ya njia zilizochongwa usiku. Orodha hiyo ni habari ya maana kuliko rangi ya bango.

Maporomoko ya mchana

Hatari kubwa zaidi ya theluji iliyolowa ni kuporomoka. Maporomoko mengi hutokea kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45. Maji yakipenya kwenye tabaka za chini, mshikano unaisha na upande mzima wa mlima unaweza kuondoka. Theluji ya mvua si nyepesi kama ile ya kwenye kadi za Krismasi. Inatembea kama zege bichi, na ikisimama haichimbiki kwa mikono.

Ndani ya njia rasmi, wahudumu wa mlima huangalia hali hiyo na kufunga sehemu ikibidi. Nje ya kamba, hakuna anayekulinda. Ulaya hutangaza kiwango cha hatari kuanzia 1 hadi 5, na wakati wa machipuko taarifa mara nyingi hutoa viwango viwili kwa siku moja: cha asubuhi kikiwa chini, cha mchana kikiwa juu. Anayesoma cha asubuhi na kutoka mchana amesoma nusu.

Chumvi, na mbolea ya urea

Mashindano hayawezi kusubiri hali nzuri. Njia ya mbio hushindiliwa na mara nyingine hupigwa maji kwa mabomba yenye sindano ili igande kwa kina, mshindani wa kwanza na wa 50 wapite kwenye uso unaokaribiana.

Theluji ikilegea kwa joto, hutupiwa chumvi. Ndiyo, chumvi, bidhaa ambayo zamani ilitoka Uvinza na kubebwa vichwani kwenda masoko ya magharibi yote. Inaonekana ni kinyume, maana chumvi huyeyusha barafu. Lakini ikiyeyuka inavuta joto kutoka kwenye theluji iliyo jirani, na maji yaliyo chini yanaganda. Unapata uso mgumu kwa saa chache. Punje zikiwa kubwa, zinaingia kwa kina na kazi inadumu zaidi.

Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Sochi, Urusi, mwaka 2014, joto lilipanda na chumvi ya punje kubwa iliyokuwepo haikutosha. Tani 24 zilisafirishwa haraka kutoka Uswisi, michezo ikiwa imeshaanza.

Kuna wanaotumia mbolea pia, ikiwemo urea, ileile inayowekwa kwenye mahindi. Inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo ya kuvuta joto. Malalamiko ya watu wa mazingira yanaeleweka: mwisho wa msimu theluji inayeyuka, na kilichowekwa juu yake kinaishia mtoni.

Waafrika Mashariki waliokutana nayo

Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji kutoka Bonde la Ufa, alipelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji tambarare, kwa udhamini wa Nike. Alishiriki Olimpiki ya Nagano, Japan, mwaka 1998, mbio za kilomita 10, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya baridi. Siku ile hali ya hewa iligeuka, mvua ikalowesha theluji, na theluji iliyolowa ikawa inanata chini ya skii zake. Nta inayopakwa chini ya skii huchaguliwa kwa hali ya theluji. Ukikosea, ni sawa na kukimbia na tope la mbuga kwenye viatu.

Boit alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na akarudi Olimpiki ya 2002 na 2006. Hadithi hiyo husimuliwa kama ya urafiki tu. Upande wa theluji hutajwa kwa nadra, na ndio unaoeleza sehemu ya zile dakika 20.

Miaka 20 baadaye, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, alikuwa Mkenya wa kwanza mwanamke kwenye michezo hiyo, Pyeongchang 2018, Korea Kusini. Yeye ni wa kushuka milima. Alimaliza wa 38 kwenye super-G, mbio ambazo kasi inaweza kupita kilomita 100 kwa saa juu ya uso ulioshindiliwa hadi kuwa karibu na barafu. Pyeongchang hiyohiyo alikuwepo Shannon Abeda, mzaliwa wa Canada aliyeiwakilisha Eritrea, na alirudi tena Beijing 2022, ambako karibu theluji yote ya mashindano ilitengenezwa kwa mashine.

Kwa mbio kama hizo, kipaji peke yake hakitoshi. Kujifunza kusoma uso wa theluji kunahitaji siku nyingi mlimani, na kila siku ina bei: lifti, kocha, vifaa, malazi. Mtoto anayeishi chini ya mlima anaijifunza bila kujua anajifunza. Mwingine anaanza kulipia kuanzia sifuri.

Na hapa kwetu?

Kilimanjaro ina barafu, lakini haina lifti wala greda. Hata hivyo Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo mwaka 1912 na kutumia skii kushuka. Barafu moja pale juu bado ina jina la Furtwängler, ingawa imebaki kidogo sana.

Karibu na ikweta hakuna machipuko. Ila kwa namna fulani kila siku kule juu ni ya machipuko: jua kali mchana, kuganda usiku. Ni moja ya sababu waongozaji huwaamsha wageni wa njia ya Marangu waondoke Kibo Hut karibu na saa 6 usiku. Changarawe za mlima zikiwa zimeganda, mguu unashika. Jua likitoka zinalegea, unapanda hatua mbili unarudi moja.

Anayetaka kuteleza bila kwenda Ulaya ana Afriski, Lesotho, milima ya Maluti, juu ya mita 3,000. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, na wanategemea sana theluji ya mashine. Kwa waliopo Ghuba kuna Ski Dubai, ndani ya jengo la maduka, iliyofunguliwa 2005, yenye mteremko mrefu wa mita 400. Theluji yake huchongwa usiku kama ya milimani, lakini joto la ndani halibadiliki, hivyo aliyejifunzia humo amezoea uso mmoja tu. Akienda milima ya kweli mwezi Aprili, asubuhi ya kwanza atashangaa.

Kabla ya kupanda lifti

Maswali ya kuuliza ni ya kawaida tu. Jana usiku kulikuwa na mawingu? Njia hii imechongwa? Inatazama upande gani? Kuna njia rahisi ya kushukia nikishindwa juu? Hilo la mwisho ndilo watu huona aibu kuliuliza, wakati lifti nyingi huruhusu mtu kushuka nazo akiongea na mhudumu.

Kofia ngumu ivaliwe. Italia, tangu Januari 2022, unatakiwa pia kuwa na bima ya kulipia madhara utakayomsababishia mwingine. Kanuni za kimataifa za watelezaji zinasema aliye mbele yako chini ana haki ya njia, hivyo ukimgonga, kosa ni lako. Ukitaka kupumzika, simama pembeni, usisimame katikati wala nyuma ya kilima ambako anayekuja hakuoni.

Na kabla lifti hazijafungwa, mara nyingi karibu na saa 10 jioni, wahudumu huteremka mara ya mwisho kuhakikisha hakuna aliyebaki. Nyuma yao njia inafungwa, kamba ya winchi inafungwa kwenye nanga, na greda linaanza kupanda.